Mapigo ya Saa Kumi na Moja Jioni

Sajenti alirudi kutoka vitani na viungo vyake vyote, na watu wakampongeza. Wao hawakulala naye nyumba moja. Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyejua kilichobaki huko. Siku Sajenti alipong'oa mlango wa chumba cha binti yao kwa sababu tu mtoto kachelewa kuitika, bibi alikuja akamchukua mjukuu wake. Sharti lake lilikuwa moja: atamrudisha siku kliniki itakapotoa barua kwamba baba kapoa.

Kliniki ikampa Sajenti simu yenye programu ya kutuliza hasira. Inalia mara tatu kwa siku. Unajibu una hasira kiasi gani, sifuri hadi kumi, kisha unaweka kidole kwenye kamera ihesabu mapigo ya moyo. Wiki sita tu.

"Mimi nimepimwa na mabomu," Sajenti alisema, "sipimwi na kisimu." Akaitupa juu ya vitambaa, akaenda zake kazini kwenye ghala la mbao.

Basi mke akajitosa. Asubuhi, mchana na saa kumi na moja jioni alisimamisha cherehani, akabonyeza sifuri, akaweka kidole chake mwenyewe. Kidole ni kidole, alijiambia. Ile ya jioni ililia wakati uleule geti linapogongwa, naye alijifunza kufanya haraka kabla buti hazijafika mlangoni. Alishaanza hata kumshonea binti gauni la kurudia nyumbani. Masikini, alijiona mjanja.

Wiki ya sita wakaketi mbele ya mshauri, mama mpole mwenye miwani.

"Hongera Afande, hujakosa hata siku moja."

Sajenti akatabasamu. Mbele za watu alikuwa mtu wa adabu sana.

"Ila barua siwezi kuandika. Unajibu sifuri, moyo unasema mengine. Asubuhi mapigo sabini, mchana sabini, saa kumi na moja jioni mia na thelathini. Kila siku! Zile siku tatu ulizosafiri kikazi, moyo ulitulia tuli." Akavua miwani. "Mimi sioni hasira hapa, Afande. Naona woga. Nani anaingia nyumbani saa hiyo?"

Mke alificha mikono chini ya mkoba. Sajenti akafikiri kidogo.

"Mimi," akasema.

Mshauri akacheka akidhani ni utani, akamwandikia wiki sita nyingine.

Kwenye korido Sajenti hakupandisha sauti. Alimshika mkewe kiwiko taratibu, na watu wakawapisha.

"Kidole kipi, mke wangu?"

Akamwonyesha. Miaka tisa ya kutii iliunyoosha mkono kabla akili haijafika. Sajenti akakifumbata kidole kile kiganjani, wakaanza kushuka ngazi. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Kwa mara ya kwanza tangu mtoto achukuliwe, mama yake alimshukuru Mungu kwamba hayupo nyumbani.