Sufuria ya Mama Tshiela

Msinione na miwani yangu, mwalimu wa Kiingereza, mkadhani mi ni mtu wa maana. Ngojeni kwanza niseme.

Mwaka wa tisini na tatu nilikuwa nimebakiza sahihi moja tu nipate lisanse, digrii yangu ya chuo. Mémoire yangu, ile kazi ya kumalizia masomo, ilikuwa juu ya wanawake katika riwaya moja ya Kiingereza, ya kabla ya vita vya kwanza vya Wazungu. Bibi mmoja amechoka na mume anayemfanya pambo la sebuleni. Anafunga sanduku, anaondoka, anapanga nyumba yake mwenyewe. Jamani, nilimpenda yule bibi! Kurasa themanini na mbili nilimsifu, mwanamke huru, na wanaume wa kitabu kile niliwachapa mmoja mmoja. Aliyeniongoza ni Mama Tshiela, mwalimu wangu wa chuo. Alikuwa ananiita kwake, mtaa wa Dilala, ananipa chai, ananisahihishia Kiingereza changu kibovu bila kuchoka. Bila sahihi yake, karatasi zile zilikuwa za kufungia maandazi.

Lakini Mama Tshiela alikuwa mtu wa Kasai, jimbo jirani. Kuzaliwa alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Baba yake ndiye alitoka Kasai, na mwaka ule hilo lilitosha. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiimba, "Bilulu batoke!" Bilulu ni wadudu. Watu wa Kasai waliitwa hivyo mchana kweupe, na sisi majirani tukachungulia dirishani. Mama Tshiela alitolewa nyumbani, yeye pamoja na binti yake Mbombo, wakaenda stesheni kungoja treni pamoja na maelfu ya wenzao.

Wiki iliyofuata mume wangu, Banza, akarudi na ufunguo. Kampuni ya migodi imetupa nyumba, akasema. Nikamuuliza ni ya nani, ingawa namba ya kwenye ufunguo niliijua.

"Elise, unapenda tuendelee kulala bantu sita mu chumba cha kaka yangu?"

Nikanyamaza. Mimi, niliyeandika kurasa themanini na mbili juu ya wanawake wanaonyamazishwa! Nikahamia. Hata mapazia ya Mama Tshiela nikayafua, nikayarudisha palepale.

Siku ya kwenda kutafuta sahihi nilipika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikafunga sufuria kwa kitambaa, nikaenda kwa miguu mpaka stesheni. Watu walikuwa wamelala chini ya plastiki kando ya reli, wanakohoa, na kila asubuhi palikuwa na mtoto wa kuzika. Mama Tshiela alikuwa amekaa juu ya furushi. Mbombo alilala miguuni pake, homa imempanda, macho hayamtazami mtu.

"Umekuya, mwanangu," Mama akasema. Hakugusa chakula. Alichukua mémoire kwanza, akatoa kalamu ya Biki kwenye nywele zake, akaanza kusoma kama tuko kwake mezani. Akafika ukurasa wa arobaini.

"Hapa bibi anahama. Na mutumishi wake je?"

Katika riwaya ile kuna msichana aliyemtumikia bibi miaka tisa. Nyumba mpya ni ndogo, basi anaachishwa kazi. Sentensi moja, imekwisha.

"Yule ni muntu mudogo mu kitabu, mama."

"Mudogo." Akacheka, kicheko kikavu. "Mwanamuke moja anapata mulango wake, mwingine anatupwa inje. Kitabu kizima hakuna anayeuliza alienda wapi. Na weye, Elise, haukuuliza."

Akafungua kitambaa amlishe mtoto. Hapo ndipo nilipoona, naye akaona. Mshikio wa sufuria ulikuwa umefungwa kwa waya wa shaba. Marehemu mume wake aliufunga mwenyewe, mbele yangu, siku moja tukinywa chai. Nilikuwa nimempelekea chakula katika sufuria yake mwenyewe! Mkono wake ukabaki juu ya waya ule.

"Mama, mi..."

"Acha mutoto akule kwanza."

Mbombo alikula matonge matatu, akageuza uso. Mama akaipangusa sufuria kwa gazeti, maji hayakuwepo. Kisha akaniwekea sahihi, jina zima na tarehe, mwandiko mzuri kabisa. Akanipa vyote viwili.

"Inakaaka chini ya meza, upande wa dirisha," akasema. "Ile ingine inavuja."

Na mi nikaipokea. Si ningeiacha pale hata wapikie njiani? Nikaipokea, nikaibeba kichwani mpaka Dilala, nikaiweka chini ya meza, upande wa dirisha. Nilijichukia siku ile na ninajichukia leo. Treni ilikuja baada ya siku tisa. Mtu aliyesafiri nao aliniambia baadaye kwamba Mbombo alizikwa njiani, kando ya reli, kabla ya Kamina.

Lisanse nilipata, na sifa juu. Ukurasa wa arobaini sikuubadilisha. Riwaya ile nimeifundisha miaka thelathini, na sombe bado ninapikia sufuria ile, waya haujakatika. Kila mwaka hatukosi msichana mmoja wa kunyoosha mkono: "Mama, yule mutumishi alienda wapi?"

"Kitabu hakisemi," ninamjibu, na ninawaambia wafungue ukurasa unaofuata.