Pamba ya Wodi ya Wazazi

Saad alikuwa amelala kifudifudi juu ya ubao uliovuka kenchi mbili za paa, mikono ya shati ameifunga kwa vipande vya mpira ili pamba isimpenye, akitandaza bunda la kumi na mbili. Ilikuwa saa tano asubuhi. Tabaka la kwanza alikuwa ameshalipachika chini ya mabati, na sasa alikuwa akilaza la pili juu ya mbao za dari, kama Bwana Lewa, mwenye nyumba, alivyotaka. Sehemu moja tu ya mabati ilikuwa bado wazi, na sikio lake la kushoto, lililokuwa upande huo, lilikuwa likiungua. Alikuwa fundi wa dari mwaka wa kumi na nne, na alijua kwamba pamba ya kuzuia joto hutandazwa taratibu kutoka ukutani kuja katikati. Kwenye karatasi ya kila bunda palikuwa na mhuri wa buluu: Wodi ya Wazazi. Kila alipoukuta aliugeuzia chini, akaendelea na kazi.

Mabunda hayo aliyatoa kwa mikono yake kwenye stoo ya zahanati, huko mbele ya Sabaki, ambako Bwana Lewa alikuwa mwenyekiti wa kamati. Kazi aliyopewa Saad ilikuwa kutia dari ile wodi. Alipofika na vifaa vyake, mwenyekiti alimwambia ayapakie mabunda kwenye pikapu, yapelekwe nyumbani kwake Malindi.

"Anza na kwangu," alisema. "Za kule zitakuja."

Saad alilitazama paa la wodi, mabati matupu yasiyokuwa na hata ubao mmoja chini yake, akasema sawa. Hakuna aliyemlazimisha, na hilo ndilo lililomla moyo baadaye. Mkewe, Afiya, alikuwa na mimba ya miezi sita.

Nyumba ya Bwana Lewa ikapoa. Bi Nelly, mkewe, alikizima kiyoyozi cha sebuleni akakifunika kwa kitambaa cha kufuma, na bili ya stima ikashuka hata akawa anawaonyesha majirani. Wageni walikaa tangu adhuhuri hadi alasiri bila kutafuta cha kujipepea, wakamsifu fundi. Bi Nelly alimpigia Saad simu makusudi ili ampe hizo salamu.

Afiya alijifungua Februari katika wodi ile, wakati ambapo joto la Pwani halina adabu. Mtoto alikuwa wa kike, mzima, nywele zimemjaa mpaka kwenye paji la uso. Saad alimwadhinia sikioni mwenyewe. Wodini kina mama walilala watatu kwa vitanda viwili, na mabati juu yao yalikuwa yakigonga kwa kutanuka. Muuguzi wao, Sista Emily, aliloweka kanga mojamoja akizitundika madirishani, na ya kwanza ilikuwa imekauka kabla hajalifikia dirisha la mwisho. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, mtoto alipata moto, akakataa ziwa, na alasiri ilipoadhiniwa alikuwa amekwisha kufa. Sista Emily aliandika kwenye fomu neno moja, joto. Baadaye alielekezwa aandike neno jingine, akaandika. Walimzika nyumbani kwao Sabaki kabla ya magharibi. Saad alimpeleka mikononi, kwa kuwa mtoto mdogo kama yule habebwi kwa jeneza, na njia nzima alihisi kwamba bado ana moto.

Siku ya tisa baada ya maziko, Bi Nelly alimpigia simu tena.

"Fundi, darini kwangu kuna kitu kinalia. Nadhani paka kazalia kwenye pamba. Njoo umtoe kabla hajatuharibia."

Saad akaenda na ngazi yake. Alisukuma mlango wa dari, akaingiza kichwa na mabega. Kati ya kenchi ya tatu na ya nne, pale katikati ya matabaka mawili ambapo palikuwa na ubaridi kushinda nyumba yote, binti yake alikuwa amelala chali, uchi, mikono ameiinua juu ya kichwa, anatafuta ziwa kwa mdomo. Pamba ile, iliyokuwa ikimwasha Saad mpaka kwenye kope, haikumwasha mtoto. Alimgusa paji la uso. Lilikuwa limepoa.

"Si paka," alimwambia Bi Nelly, aliyekuwa chini ameishika ngazi. "Ni mwanangu."

"Yule aliyefariki?"

"Ndiye."

"Alaa! Basi ana njaa huyo. Mwite mamake, maana Bwana Lewa hapati usingizi wa mchana."

Ugumu ulikuwa kwenye arobaini. Bi Shekha, mama yake Afiya, alikuwa mtu wa Mambrui, wa kizamani, na kwake mzazi hatoki nje mpaka siku arobaini zitimie, mtoto awe yupo au awe amekwenda. Kwa hiyo Afiya alikuwa ndani, tumbo limefungwa mkaja, maziwa yamemjaa mpaka kanga inalowa, na hakuna wa kumpa. Saad aliposema alichokiona, Afiya alisimama palepale akatafuta viatu. Bi Shekha alimzuia kwa mkono.

"Mzazi hukaa alipo mtoto," akamwambia Saad. "Kama mtoto yuko darini, basi darini ndiko ndani. Mfunike vizuri, mwanangu, umpeleke. Na akishapanda, asishuke mpaka arobaini."

Ndivyo Afiya alivyokuja kukalia arobaini yake juu ya sebule ya Bwana Lewa. Saad alimpigia ubao mpana wa kulalia. Bi Nelly hakuwa na kinyongo, ila aliomba pamba isilaliwe na udi usifukizwe, kwani moshi hukaa kwenye mapazia. Kila asubuhi Bi Shekha alikuja Malindi na uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai, akaomba maji ya moto jikoni, akapanda ngazi kwenda kumkanda mwanawe. Mtoto alinyonya vizuri. Hakunenepa wala hakukonda. Alasiri Bwana Lewa alilala usingizi wake, na huko juu Afiya naye alilala, mtoto kifuani.

Siku moja Bwana Lewa alipanda ngazi mwenyewe. Alimtazama mtoto, akasema amemchukua babake pua, kisha akaangalia kama tabaka la juu halijaachia popote.

"Bwana Lewa," Saad akasema, "kule wodini bado ni mabati matupu."

"Naelewa. Nimekwambia za kule zitakuja."

Akashuka akaenda kula.

Ilipofika siku ya ishirini na mbili, Afiya alikuwa akimfuta mtoto, akainua ukingo wa pamba apitishe kitambaa, akakutana na mhuri. Aliusoma. Akainua ukingo wa pili, akausoma na huo. Saad alipokuja na mafuta ya nazi alimkuta amekaa wima, kichwa kinakaribia kugusa kenchi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua nikiwa na mimba?"

"Nilijua."

Saad alitamani apigwe. Alitamani atukanwe, yeye na ukoo wake, watu wa chini wasikie. Afiya aliyapokea mafuta, akamimina kidogo kiganjani, akaanza kumpaka mtoto miguu. Kwa siku nne hakumsemesha. Siku ya tano alimwambia uji umekuwa mwepesi, amwambie mama, na tangu hapo wakazungumza mambo madogomadogo kama watu waliofiwa.

Lililokuwa mioyoni mwao wote wawili ni siku ya arobaini. Siku hiyo mtoto hutolewa nje, akaonyeshwa jua na dunia, na akishatolewa huwa ni wa watu. Afiya alikuwa ameshafua kanga mpya akaiweka. Alikuwa amesema mahali atakapomlaza mtoto kule Sabaki, dirisha gani lifunguliwe na lipi lifungwe. Saad alipopata nafasi alikwenda nyumbani akaezua mabati ya chumba chao, akaweka makuti mazito, matabaka mawili, ili pawe na ubaridi. Alifanya kazi hiyo peke yake, hakupumzika hata mara moja.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Bi Shekha alimnyoa mtoto, akamwosha, akampaka wanja. Afiya alishuka ngazi kinyumenyume na mtoto begani, Saad akimwekea mkono mgongoni. Walipita sebuleni. Bi Nelly alitoka jikoni akawapungia kwa mwiko. Barazani, kwenye kivuli, mtoto alitulia akafumba macho kwa mwangaza. Bi Shekha alitangulia kuwazungusha nyumba, akimtajia mtoto kila kitu kwa jina lake, huu mpapai, hiki kisima, hili jua lako. Kwenye hatua ya tatu ya juani mtoto akapata moto. Kwenye ya saba akawa mwepesi. Walipofika langoni, Afiya alikuwa ameshika kanga tupu, na kanga ilikuwa na joto.

Aligeuka akaingia ndani kwa mbio, akapanda ngazi bila kushikwa. Wale wa chini walisikia kilio cha mtoto, kisha wakasikia amenyamaza, ananyonya.

Afiya alipochungulia kwenye mlango wa dari, macho yalikuwa makavu.

"Basi hatoki," akasema.

Arobaini ikawa imekwisha na Afiya akawa huru kutembea. Alilala Sabaki chini ya makuti mapya, na kila asubuhi alikwenda Malindi kunyonyesha. Hivyo ndivyo walivyopanga. Bi Nelly aliwapa ufunguo wa mlango wa jikoni ili wasimgongee.

Jumatatu iliyofuata, Sista Emily alikuja Sabaki kwa miguu, sare yake imelowa mgongoni. Alikataa kiti, akakubali maji. Alikuwa na karatasi. Kwenye daftari la stoo, alisema, pamba imeandikwa kwamba ilikwisha kutiwa wodini, na wakubwa wa juu wamekubali kuja kuitafuta iwapo fundi atasema aliipeleka wapi. Pikapu ipo. Siku moja tu ingetosha kuishusha, siku mbili kuitia.

"Wako wangapi wodini?" Saad akauliza.

"Sita. Na wawili nawangoja wiki hii. Saad, mimi sitaki jina lako liharibike. Andika tu ilipo."

Afiya alikuwa mlangoni, ameshajitanda buibui, tayari kwenda kunyonyesha. Alimtazama mumewe tu, na mbele ya kifua chake nguo ilikuwa imeanza kulowa. Saad aliwafikiria wale sita, kisha aliifikiria ile nafasi kati ya kenchi ya tatu na ya nne, pamba imebanduliwa juu na chini, mabati wazi, saa nane mchana. Hakuwahi kumchukia mtu yeyote kama alivyojichukia alipokuwa akifungua kinywa.

"Pamba gani, Sista?"

"Nilikuona ukiipakia. Nilikuwa dirishani."

"Umenifananisha."

Sista Emily aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Akanywa maji yaliyobaki, akamrudishia Afiya kikombe.

"Mwanao nilimshika mimi," akamwambia Saad. "Alipokuwa anapumua, na alipoacha." Akaondoka kwa njia aliyojia.

Mvua za masika zilichelewa mwaka huo. Siku ya kumi na moja tangu Sista Emily aondoke, Bi Nelly alipiga simu.

"Fundi, sasa wanalia wawili. Wa pili ni wa kiume, yuko kenchi ya sita, upande wa jikoni. Na huko pamba ni haba, itabidi uongeze. Bwana Lewa anasema zile za kule zimefika."

Saad alizikuta zimepangwa barazani, mhuri wa buluu juu. Akazipandisha. Alitia kenchi ya sita, ya saba na ya nane, maana nafasi ilikuwepo, na huko nyuma Afiya alikuwa amempakata yule mgeni pamoja na wake, anawanyonyesha wote wawili mpaka mama yake mgeni afike.

Mwenyewe alifika baada ya adhuhuri. Aliitwa Kadzo, binti wa watu wa Magarini, hajatimiza hata wiki tangu azae, anatembea kwa kujishika ukuta. Kilio alikisikia akiwa bado sebuleni. Bi Nelly alimkalisha, akampa maji ya baridi. Bi Shekha, aliyekuwa amekuja na uji, alimfunga mkaja vizuri.

"Ni wewe fundi wa dari hii?" Kadzo akamuuliza Saad.

"Ni mimi, dada."

Kadzo alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa na moto.

"Muuguzi kanambia mwanangu ameuawa na joto. Sasa nasikia huku juu kuna baridi, na ni wewe uliyepatengeneza. Mungu akubariki, kaka. Akulipe kwa watoto wetu."

"Amina," akasema Bi Nelly. Bi Shekha naye akasema amina.

Walimngoja Saad, naye akaitikia.