Kopo la Kumi na Moja

Nyumbani kwetu mchele ulipimwa kwa kopo la nyanya, lile dogo, ambalo karatasi yake ilishabanduka zamani likabaki bati tupu. Kopo moja kwa kila mdomo, na midomo ilikuwa kumi na moja: baba, mama, bibi aliyemzaa baba, na sisi watoto wanane. Mimi ndiye mkubwa. Wa mwisho tulimwita Kijiko, kwa sababu hakuna kijiko kilichoingia kwenye maji ya kuoshea kabla yeye hajakilamba.

Bibi alikuwa haoni, lakini masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya sisi sote. Kila jioni alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akisikiliza mchele unavyomiminwa sufuriani, na kila kopo alilihesabu kwa sauti. Likimwagwa la mwisho alisema, "Tumetimia." Wadogo zangu wakisikia hivyo waliacha kulialia, maana walijua hakuna aliyesahauliwa.

Sababu ya hesabu ile ilikuwa shangazi, dada yake baba, aliyeishi mji mwingine katika nyumba ya vyumba vinne, bila mtoto. Kila alipokuja alimwomba Kijiko. "Nipeni mimi nimlee," alisema. "Bado mdogo, atasahau haraka." Mwaka ule kazi za uashi zilipoadimika na baba akawa anashinda nyumbani, shangazi alimkalia kooni mpaka baba akapandisha hasira. "Sikiliza, dada," alimwambia mbele yetu sote. "Mwezi ambao gunia halitafika mwisho wa mwezi, njoo umchukue. Lakini likifika, usinitajie tena." Alitaka tu kumfunga mdomo. Ila baba ni mtu ambaye akishasema amesema, na shangazi alilijua hilo.

Basi tuliishi hivyo, mwezi baada ya mwezi, gunia moja. Mchele ulipanda bei, magunia yakawa madogo, na bado makopo yalikuwa kumi na moja na gunia likafika. Majirani walimwambia mama ana mkono wa baraka. Yeye alicheka kidogo tu, akageuzia maneno pembeni.

Kisha akapata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni, asubuhi mpaka jioni, na jiko likawa langu. "Kopo lijae, ukate juu kwa kiganja," aliniambia akifunga kilemba. "Hesabu usikosee, bibi yako anasikia." Hakuniambia lingine. Mpaka leo namlaumu kwa hilo, ingawa najilaumu mimi zaidi.

Maana mimi sina dogo. Sokoni wauza nafaka walikuwa wakiniona wananong'onezana. Nilishawahi kumgeuzia muuza maharage kopo lake mbele ya wateja, nikawaonyesha kitako alichokibonyeza kwa ndani ili lijae upesi. "Mwizi wa mchana kweupe!" nilimwambia, na watu wakanishangilia. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipokuwa naosha kopo letu, kidole gumba kikagonga kitako kilichotuna kwa ndani kama goti, damu ilinichemka. Nikajua wadogo zangu wamelichezea. Nikaingiza mpini wa mwiko ndani, nikagonga kwa jiwe mpaka kitako kikanyooka, nikajisifu.

Wali ulipanda sahanini. "Dada ana mkono wazi!" wadogo zangu walisema, na mimi kichwa kikavimba. Kijiko alikula mpaka akalala palepale, shavu likiwa kwenye mkeka. Bibi alihesabu kama kawaida, kumi na moja, tumetimia. Mama alirudi hoi, akafunua sahani yake na kunigombeza, "Usinijazie mimi, bwana. Wape wadogo zako." Alidhani namhurumia, nami sikumsahihisha kwa sababu nilipenda kudhaniwa hivyo.

Tarehe ishirini na tatu kopo likakwaruza chini ya gunia. Niliinua gunia, nikalikung'uta, nikapata makopo manane. Bibi alihesabu mpaka nane, akasubiri. Mimi nimesimama pale na kopo tupu. Baba alikuwa uani, na nyumba yetu haina ukuta wa kuficha neno.

Mama aliporudi hakuliangalia gunia. Alichukua kopo, akaingiza kidole gumba ndani.

"Nani amelinyoosha?"

"Mimi, mama. Lilikuwa limebonyea."

"Nililibonyeza mimi," alisema polepole. "Kila bei ikipanda, nalibonyeza kidogo."

Muuza maharage alinijia mbele ya macho na wale watu walionishangilia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na mdomo wako huo? Ungemlilia baba yako siku hiyohiyo." Kisha akanishika bega, na hilo liliniuma kuliko kama angenipiga kofi.

Nilimfuata baba uani, nikapiga magoti, nikamweleza kila kitu. Alisikiliza huku akichora ardhi kwa kijiti. "Kumbe nimekuwa nikilishwa nusu kopo nyumbani kwangu, najiona mwanamume," alisema. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Nilishasema, mwanangu. Na yule mtoto kule atakula."

Tulikunywa uji mwepesi siku tano. Ya sita shangazi, aliyepelekewa habari na baba, akaja na kigauni kipya cha njano kwenye mfuko. Hakutusimanga hata kidogo. Kijiko alikifurahia kigauni, akazunguka nacho chumba kizima, akaniuliza kama jioni atarudi kula. Nikamwambia ndiyo. Bibi alimshika mkono mpaka mlangoni, akauachia kidole kimojakimoja.

Mwezi mpya ulipoingia, mama alilibonyeza kopo tena, mbele yangu, akanirudishia. Nikapima makopo kumi. Bibi akahesabu mpaka kumi. Hakusema tumetimia siku ile, wala siku yoyote iliyofuata.

Siku ya mwisho ya mwezi, baada ya kupima makopo ya jioni, nilikuta gunia bado lina uzito. Sikuamini. Nikalipimia kwenye beseni, nikarudia mara ya pili.

"Mangapi?" mama aliuliza.

"Thelathini."

"Ni yake," bibi alisema kutoka kwenye kigoda. "Siku thelathini, makopo thelathini."

Mama alilinyanyua lile beseni kwa mikono miwili. Halafu akaumimina mchele wote sufuriani pamoja na wa jioni ile, akawaita wadogo zangu, akawapakulia mpaka sahani zikafurika. Ilikuwa mara ya kwanza nyumbani kwetu chakula kubaki.