Alama Mbili za Shangazi

Karani wa takwimu alimalizia mtaa wa bondeni kwa shangazi yake, aliyemlea tangu ana miaka sita. Akafungua kishikwambi, akamuuliza kama alivyowauliza wengine: maji, choo, hewa, kelele, usalama. Mwisho, kutoka moja hadi kumi, maisha ya hapa angeyapa alama ngapi?

"Saba," shangazi akajibu. "Mvua ikinyesha, sita."

"Saba ya wapi, shangazi? Mtaro unapita chini ya dirisha, bomba limekauka tangu juzi. Sema kweli kama wenzako, ndipo walete huduma. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Shangazi akacheka. "Haya, msomi wangu. Weka mbili. Ila uandike pia kwamba nina majirani wema."

Fomu haikuwa na nafasi ya majirani.

Wiki tatu baadaye, ofisini, msimamizi wake alitandaza ramani mezani. Mji mzima ulikuwa wa kijani na manjano, bonde peke yake jekundu.

"Kazi nzuri," akamwambia. "Chini ya tatu, hapafai kuishi binadamu. Na wenyewe wamekiri."

"Kwa hiyo wanapelekewa maji?"

"Maji ya nini tena? Wanahamishwa. Mtaa huo ukiondoka, wastani wa mji unapanda."

Karani akarudi kwenye meza yake, akaitafuta fomu ya shangazi. Aliiona, lakini kila alipoigusa ile mbili, haikubadilika; fomu ilikuwa imeshafungwa. Akatoka bila kuaga.

Bondeni alikuta wapimaji wakipigilia vigingi, na fundi cherehani, jirani wa shangazi, akiwatolea viti wapumzike.

"Mwanetu huyo, katuletea bomba!" fundi akapaza sauti.

Shangazi alikuwa ameshasugua mapipa mawili ya maji na kuyapanga mlangoni. Karani akamweleza yote. Shangazi akakaa juu ya pipa, kisha akauliza, "Umewaambia wengine?"

"Bado."

"Basi twende. Nitaongea mimi, wewe utalia tu."

Wakaanza kwa fundi. Alisikiliza hadi mwisho, akaenda kuvikusanya viti vyake kimoja kimoja. Nyumba ya pili waliwaelewa. Ya tatu waliwatukana. Ya nne mlango haukufunguliwa, ingawa redio ilikuwa ikisikika ndani.

Tangazo lilibandikwa Ijumaa, likitoa siku saba. Tingatinga likaja Jumatatu, siku ya tatu tu, shangazi akiwa bado anafunga vyombo.