Jiwe Juu ya Kufuli

Jiwe la tatu lilipopiga mlango wa Siti, mume wetu Bakar alikuja kwangu bila ya kubisha hodi.

"Mwanawema, jiwe moja tena, weye urudi kwenu Kengeja."

Mimi! Kisa nilikuwa bingwa wa nage usichanani. Mwaka ule wa hamsini na tisa hapakuwa na mwanamke Madungu nzima wa kunishinda kutupa mpira, basi kila kinachoruka nimekirusha mimi. Nililia kwa hasira. Nilimpenda yule mwanamume, mjinga mimi, na nyumba yangu niliipenda zaidi.

Niliyemshuku ni Siti mwenyewe. Mke mdogo, sauti ya asali, mlango wake hatua thelathini kutoka wangu. Mawe yote yalipiga pahala pamoja, juu ya kufuli, adhuhuri, Bakar yuko kazini. Nani mwenye faida nikiachwa, kama si yeye?

Mama yangu, Bi Mwanapili, aliyekuwa akikaa kwangu mwezi wa pili sasa, aliniunga mkono. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Mchunge huyo." Jioni nilimkanda bega la kulia kwa mafuta ya nazi. Baridi, alisema.

Nikamtega Siti. Niliwaita majirani tucheze nage uani kwa mpira wa matambara, nikampa yeye atupe. Mwenye kutupa kwa nguvu hutanguliza mguu wa kushoto, akageuza kiuno, kiwiko kikapita juu ya bega kabla ya kiganja, mkono ukaishia nyonga ya pili. Ndivyo mama alivyonifunza, fimbo mkononi. Siti alitanguliza mguu wa kulia, akausukuma mpira kama anayewamwagia kuku mtama. Ukaanguka miguuni pake. Nikamrudisha mara tatu, nikidhani anajifanya. Lakini mkono huweza kudanganya, miguu husahau kudanganya. Yule hawezi kumpiga ng'ombe aliyelala.

Basi nani?

Kesho yake adhuhuri narudi kisimani, nasikia kishindo mlangoni kwa Siti, naye anapiga mayowe. Nikakimbilia ndani kwangu. Mama yuko jamvini, anahema.

"Nikande," akasema.

Nikabonyeza nyuma ya bega, pale panapowauma watupaji baada ya mchezo. Akapiga ukelele.

"Mama. Ni weye?"

"Huyo Siti anakuliza miaka miwili. Miye n'tizame tu?"

Uani Bakar alikuwa keshafika, ameitwa kazini mbio, ananiita kwa jina, na majirani wamejaa. Mama yangu amewasomesha Kurani nusu ya watoto wa Kengeja. Alijikunyata ndani ya kanga. Nilimkasirikia hata nikatamani kumburura nje mwenyewe.

Nikatoka peke yangu. Nikaokota jiwe, mguu wa kushoto mbele, nikalirusha mbele ya macho yao. Likapiga juu ya kufuli.

"Ni miye," nikasema. "Yote manne."

Bakar alitoa talaka pale pale, na Siti akiwa wa kwanza kuinamisha kichwa.

Gari la Kengeja lilituchukua alasiri, mimi na mama na mafurushi yetu. Tukatoka mjini. Nilingoja shukrani, au angalau chozi.

"Kiwiko ulikishusha," akasema.

Nikafungua chupa ya mafuta, nikamkanda bega njia nzima, nikilia.