Mchanga Katika Difu ya Kerrow

Fundi Diriye alitandika gunia chini ya Landrova, akasukuma beseni mpaka chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, akalegeza nati ya kumwagia oili, kisha akangoja. Oili haikutoka. Ulitoka mchanga mweupe, mkavu, ukimiminika taratibu kama unga kwenye mfuko uliotoboka. Beseni lilipojaa, alilibadilisha.

"Abaayo, dada yangu, gari yako ina mchanga," alimwambia Saynab, aliyekaa kwenye kivuli cha ukuta wa gereji, pale Garissa, akimimina chai.

"Imekaa sana," Saynab alijibu.

Ilikuwa imekaa kweli. Landrova hiyo ilitengenezwa kabla ya Uhuru, na Kerrow, mume wa Saynab, ndiye aliyekuwa akiiendesha kutoka Hadado hadi Garissa, akibeba wagonjwa na wajawazito bila kuuliza mtu ni wa ukoo gani. Siku moja, kwenye kizuizi cha barabarani, watu wenye bunduki walimshusha. Baadaye gari lilirudishwa likivutwa kwa kamba, ekseli ya nyuma imevunjika. Kerrow hakurudishwa. Katika ofisi ya serikali Saynab aliambiwa kwamba mumewe alihojiwa akaachiliwa, na huenda ameshaoa Nairobi. Tangu hapo akawa si mke, si mjane. Kilichomla zaidi ni dua: hakujua amwombe Mungu amrudishe Kerrow au amrehemu.

Sasa, mwaka 1994, alitaka gari litembee ili alete maziwa ya ngamia mjini. Diriye alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Kifungua mimba wake alizaliwa salama hospitalini kwa sababu ya gari hilo hilo, na tangu siku hiyo alikuwa akitafuta namna ya kurudisha fadhila.

Mchanga haukukoma. Diriye aliondoa mfuniko wa difu, akachomoa hafushafu, chuma kinachozungusha gurudumu, iliyokuwa imekatika, akang'oa beringi zilizolika, na bado ukaendelea kumiminika. Aliumwaga kando ya barabara, kama fundi yeyote anavyomwaga takataka za gari.

Hapo ndipo ngamia wa mfugaji mmoja, Isak, walipokwama. Isak alikuwa akiwapeleka mnadani, nao walipofika kwenye lile lundo wakainamisha shingo, wakaanza kulamba. Aliwachapa, hawakusogea. Basi naye akachota kidogo, akaweka ulimini.

"Hii chumvi ni ya bonde letu, nyuma ya Hadado," alisema. "Hawa wameilamba tangu wakiwa ndama. Nani ameileta mbali hivi?"

"Imetoka kwenye difu," Diriye alisema.

Isak alitikisa kichwa, akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Saynab aliweka kikombe chini. Bonde hilo halikuwa njia ya Nairobi wala ya mji wowote ambako mtu angeweza kuoa. Alichukua ufagio, akaanza kukusanya mchanga wote uliokuwa barabarani, hata ule ulioingia kwenye nyufa za lami. Isak alimsaidia, na akaomba radhi kwa ule ambao ngamia walikuwa wameshaumeza.

Kesho yake alasiri ikatoka risasi. Ilianguka kwenye beseni kwa mlio mdogo, na mchanga ukakatika. Lundo lilikuwa na urefu wa mtu aliyelala, mtu mrefu, na Kerrow alikuwa mrefu. Diriye aliiweka risasi kwenye kopo la nati, pale anapoweka kila kinachotoka kwenye gari ili kisipotee.

Sheikh Guleid alisema hajawahi kusoma popote kuhusu kuzika mchanga, lakini pia hajaona mahali panapokataza. Ukavikwa sanda, ukaswaliwa, ukazikwa. Kuhusu eda, sheikh alisema ilikuwa imeshapita yenyewe zamani. Saynab alimshukuru, akaikaa vilevile, kwa kuwa alikuwa na machozi mengi ya kumaliza. Alilia kwa uchungu, na katikati ya uchungu akajikuta anashukuru: amepata wa kumwombea rehema.

Diriye alirudi kazini. Hafushafu aliipata Dadaab, kwenye gari bovu la shirika moja la misaada. Ili ajue kama meno ya difu yanaumana sawasawa, alihitaji rangi ya kuyapaka, na rangi hakuwa nayo. Akatuma mtu kumwomba Saynab hina. Saynab alitoa kopo zima, maana mwanamke wa eda hapaki hina. Diriye aliyapaka meno, akazungusha, na alama nyekundu ikakaa katikati, pale hasa inapotakiwa.

Afisa mmoja alisikia habari za risasi, akaja gereji. Alimuuliza Diriye kama ana kibali cha kuwa nayo. Hakuuliza ilitoka kwa nani. Saynab, ambaye eda yake ilikuwa imekwisha, alimuuliza kama sasa wataandika kwamba Kerrow amekufa.

"Kwa serikali, huyo aliachiliwa," afisa alisema. Akatia risasi mfukoni, akaondoka.

Landrova inatembea, na difu yake haina mlio hata ikipakia mitungi ya maziwa mpaka juu. Saynab huiendesha mwenyewe, kama Kerrow alivyomfundisha. Kizuizi kiko palepale.

"Mwenye hii gari ako wapi?" askari humuuliza kila safari.

Zamani hakuwa na mahali pa kutaja.

"Ako nyumbani, afande. Alhamdulillah."

"Msalimie."

Na Ijumaa, akipita makaburini, Saynab huzifikisha salamu.