Jicho Kavu Matangani

Kabibi alikaa upande unakotoka upepo, mbali na mafiga, kwa sababu daktari aliyemtoa mtoto wa jicho alimkataza moshi na vumbi. Jicho lilikuwa jekundu, kavu, likimkwaruza kama lililoingiwa na pumba. Jingine lilikuwa limekufa zamani. Ulikuwa ukame wa themanini na nne, Ganze nzima imekauka, na shemeji yake Menza alikuwa amezikwa asubuhi ile. Menza, aliyekohoa tangu Krismasi, ndiye pekee aliyekuwa akimlindia shamba aliloachiwa na mumewe. Kabibi alimpenda sana. Alitaka kumlilia, ila chozi halikuwapo.

Wanawake waliliona hilo. Randu, mwana wa Menza, aliliona kabla yao.

"Mama mkubwa, jicho jekundu namna hiyo, na hulii?"

"Ni operesheni, mwanangu. Dawa ninayo, ila mkono unatetemeka."

Alasiri Menza akarudi kutoka kaburini, sanda imejaa mchanga. Watu walimsogezea nafasi mkekani, na mtu akaenda kumtafutia chai. Menza akamwinua Kabibi kidevu, akafungua kichupa cha dawa.

"Shemeji, tazama juu. Usipepese."

Tone likaingia. Mzee Tsuma akamuuliza nani aliyemuua.

"Kifua," alisema Menza. "Huyu mwacheni na shamba lake."

Randu alisema, kwa heshima zote kwa babake, kwamba aliyelogwa hawezi kumjua mchawi wake, na wazee wakaona ana hoja. Wakati huo dawa iliyozidi ilikuwa ikimtiririka Kabibi shavuni.

"Sasa analia," alisema Randu. "Ameungama."

Menza alijaribu kueleza, lakini chai ilikuwa imefika, na si adabu maiti kubishana na waliokuja kumlilia. Kabibi alifungasha sufuria na leso zake kabla jua halijatua. Aliogopa. Wazee wenziwe walioitwa wachawi wakakataa kuhama walikuwa wamekatwa mapanga.

Akahamia Mariakani, chumba kimoja na bintiye Mapenzi, nyuma ya maegesho ya malori. Menza alikuwa akija kila jioni kwa miguu. Alijikung'uta vumbi mlangoni, Mapenzi akampa kiti, naye akamtia Kabibi dawa.

Mvua zilipokwisha kurudi, Kabibi aliuliza habari za shamba.

"Limezaa vizuri," alisema Menza. "Randu amelima mpaka pale palipokuwa na mlango wako."

Kabibi alitaka kulia kwa uchungu. Jicho lilimwasha tu, na Menza akamwambia asilifikiche.